Kwenda Jambiani Kutafuta Neno la Bi Mize

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye njiani ananiuliza swali lile lile: ulisema unakwenda Unguja siku saba, mbona umerudi baada ya siku kumi na sita, umeungua jua na mikono imechunika? Nimeshaisimulia habari hii vipande vipande mpaka vipande vyenyewe vimeanza kugombana. Kwa rafiki yangu Salehe niliacha habari za Kidichi, na kwa jirani yangu Mama Rukia niliificha kabisa habari ya mawe. Basi nimeamua niiandike mara moja. Atakaye asome, na asiyeamini aje atazame viganja vyangu.

Sababu ya safari wengi mnaijua. Nilimposa Zuhura, binti wa fundi Athumani, seremala wa hapa Ngamiani, Tanga. Mzee alinikubali, Zuhura mwenyewe alinikubali, nami nikaanza kutembea kifua mbele. Halafu siku moja mzee akaniita karakanani kwake. Akanikumbusha kwamba mama yake Zuhura, marehemu Kazija, alikuwa mtu wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na kwamba mama yake Kazija, Bi Mize, bado yu hai.

"Kazija alipofariki sikupeleka habari," alisema, akiitazama randa yake badala ya kunitazama mimi. "Nilingoja nipate wa kumtuma, nikangoja nipate la kusema, mwisho bibi wa watu akaja kusikia kwa mtu baki. Sasa siwezi kumwoza mjukuu wake bila ya neno lake. Nimeandika barua mbili tangu mwaka jana, hazikujibiwa. Nenda wewe. Akikataa, nami siozeshi."

Kwa hiyo sikwenda kutembea. Nilikwenda kuomba mke kwa bibi nisiyemjua, mwenye haki zote za kunifukuza. Lakini mimi ni mwalimu wa jiografia. Kwa miaka sita nimewachorea watoto wa darasa la tano ramani ya Unguja ubaoni, na mazao yake nimeyaorodhesha, bila ya kuwahi kukanyaga mchanga wake. Nikajiambia nitafanya yote mawili, nilete neno la bibi na nione kwa macho yangu kile ninachokifundisha. Hilo la pili ndilo lililoniponza.

Tanga hadi Mkoani

Stima ilipita Pemba kwanza, na palepale ramani yangu ikaanza kunitia aibu. Ubaoni huwa naichora Pemba kama jani la mwembe, bapa. Kumbe ni vilima tupu, kimoja nyuma ya kingine, na kijani kinashuka mpaka majini. Tulitia nanga mbele ya bandari ya Mkoani kwa saa moja, tuliambiwa. Saa moja ikawa asubuhi nzima na kipande cha mchana, kwa sababu magunia ya karafuu yalikuwa yanaletwa kwa mashua moja moja, na harufu yake ilitufikia kabla ya magunia yenyewe.

Karibu yangu alikaa mama mmoja wa makamo, kajitanda buibui, ana kapu la mkate wa kumimina. Alinikatia kipande bila ya kuniuliza kama nina njaa. Nikaona nimlipe kwa elimu. Nikamweleza kwamba Pemba ndiyo inayotoa karafuu nyingi kuliko Unguja, na kwamba mkarafuu unataka mvua na udongo wenye kina. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kweli mwanangu," akasema. "Mie nna shamba la mikarafuu nimeachiwa na baba'angu hapo juu. Mwaka huu haikuzaa. Kitabu chako kinasemaje?"

Nikasema kitabu hakikufika huko. Akanikatia kipande cha pili, akaomba radhi, akashuka na mashua iliyoleta magunia.

Mjini

Unguja mjini kunaonekana mbali kabla hujafika: Beit el Ajaib na mnara wake wa saa, bendera nyekundu ya Sultani, kisha safu ya majumba meupe yaliyosimama ukingoni mwa bahari. Nilikuwa na barua ya kumpelekea Bwana Kanji, mfanyabiashara wa kamba na kopra ambaye zamani alikuwa akimpelekea fundi Athumani kamba za majahazi. Duka lake, nilielezwa, ni nyuma ya Darajani, hatua chache tu.

Hatua hizo chache nilizitembea kwa muda wa saa tatu. Vichochoro vya mji ule havina haya. Unaingia kimoja ukielekea bahari, kinakutoa sokoni. Nikimwuliza mtu njia, haniambii njia mpaka kwanza ajue nimetoka wapi, nimefika lini, na kama nimekula. Kwenye baraza moja wazee watano walinikalisha, wakanipa kahawa na kashata, wakaendelea na ubishi wao wa vyama vya siasa kama vile nami nilikuwepo tangu jana. Nilipouliza tena habari ya Bwana Kanji, mmoja akasema, "Aa, Kanji wa kamba? Umempita mara mbili. Tumekuona."

Katika kupotea huko nilitokea Mkunazini, penye kanisa kubwa lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Habari hiyo huwa naisomesha kwa dakika kumi, baina ya karafuu na hali ya hewa. Nilisimama pale nikamkumbuka bibi yangu mzaa baba, ambaye hakupenda kuulizwa kwao ni wapi huko bara. Sidhani kama nitaweza tena kuisomesha kwa dakika kumi.

Bwana Kanji alikuwa mzee mwembamba, kavaa dhoti, amekaa kati ya marobota ya kamba. Yeye na mkewe hawali nyama, na lau ningalikaa nao wiki nzima ningalisahau kama kuna nyama duniani, maana dengu zile na chapati zile zilinitosha. Baada ya kula alinitaka nieleze Unguja ninavyoisomesha. Nikamweleza kisiwa, urefu wake na mazao yake.

"Mwalimu, weye unasema kisiwa kimoja," akanikatiza. "Mie nnajua viwili. Cha magharibi kina udongo, kina karafuu, kina minazi, kina mabwana shamba. Cha mashariki kina mawe na bahari, na watu wake wanaishi kwa samaki na kamba." Akachukua ncha ya kamba akanisogezea puani. "Hii ya Jambiani. Nifumbe macho, nitakwambia. Wanawake wa kule hawana haraka. Makumbi yao ya nazi yanakaa baharini mpaka yaive."

Niliinusa kwa adabu. Ilinuka vibaya sana. Lau ningemwuliza hapohapo yanakaa baharini vipi, msingekuwa mnasoma habari hii. Sikuuliza, kwa sababu mwalimu hapendi kuuliza.

Gari la shamba la kwenda kusini lilikuwa limevunjika ekseli. Ningojee siku mbili, nikaambiwa, labda tatu.

Kidichi

Siku ya pili Bwana Kanji akaniazima baiskeli, nami nikaelekea kaskazini, kwenye hicho kisiwa chake cha magharibi. Njia nzima ni kivuli cha minazi na miembe, na kila mita mia mtu anakuuliza kama hutaki kupumzika. Kidichi kuna hamamu ambayo Sultani wa zamani alimjengea mkewe wa Kiajemi, apate pa kuoga akitoka kuwinda na kukagua mashamba. Mabanda ya kuba yamesimama katikati ya mikarafuu, na ndani ukutani wamechora kwa chokaa maua, mitende na ndege. Sijui nilitarajia nini, lakini nilijikuta nikimfikiria huyo mke: kaletwa mbali na kwao, na mumewe kajitahidi amjengee ukuta wenye ndege wa kwao. Nikajiuliza mama yake aliridhia au hakuulizwa. Ndipo nilipokumbuka kwamba nami nina bibi ananingoja, au pengine haningoji.

Jirani na hamamu kulikuwa na mzee anapalilia. Alinionyesha mikarafuu iliyokauka imesimama wima, majani yakiwa bado juu, mmoja mweupe kama majivu na wa pembeni yake mzima. "Ugonjwa," alisema. "Leo mti mzima, baada ya mwezi mmoja umekufa. Babu yangu kaupanda, nami ntaukata kuni." Kisha wingu likaja kutoka baharini, na nyumba nzima ikatoka mbio kukunja majamvi ya karafuu zilizoanikwa. Mimi nikatupa baiskeli nikashika ncha ya jamvi. Mvua haikunyesha. Tulizianika tena zote, tukala muhogo wa nazi, nikarudi mjini na harufu ya karafuu nguoni. Siku mbili baadaye ilikuwa imetoka, kama mtakavyoona.

Gari la shamba

Gari liliondoka siku ya tatu. Ni lori lililojengewa mbao juu, na juu ya mbao kuna mbuzi. Mpaka Tunguu nchi ni ileile ya udongo mwekundu na kivuli. Msituni Jozani likazimika, likatulia kabisa, dereva akaingia chini yake, abiria tukashuka. Kima wenye migongo myekundu walikuja wakakaa matawini kututazama. Baada ya muda mtu hajui nani amekuja kumtazama nani. Mama mmoja alifungua pweza wa kukaanga, mwengine akatoa mkate wa mofa, tukala barabarani duara moja na dereva akapelekewa sehemu yake huko chini ya gari.

Kupita Kitogani udongo ukaisha. Sikuamini mpaka nilipouona: jiwe tupu la matumbawe, limechongoka, na vichaka vimeota katika nyufa. Watu wanalima humo humo, penye udongo wa kujaza bakuli wanapanda mtama au tungule, yaani nyanya. Hiki ndicho kisiwa cha pili cha Bwana Kanji, na katika ramani yangu huwa nakipaka rangi ileile ya kijani. Jioni tulifika Paje, na dereva akanipeleka kwao nikalala.

Mawe

Asubuhi niliamua kwenda Jambiani kwa miguu, ukingoni mwa bahari. Nilivaa kanzu yangu nyeupe iliyopigwa pasi na Zuhura, na viatu vyangu vya ngozi, kwa sababu nilikuwa nakwenda kuposa. Maji yalikuwa yametoka, yameacha uwanda mpana wa mchanga na majani ya bahari, na mbali kabisa mawimbi yanavunjika mwambani.

Nilitembea vizuri mpaka karibu na nyumba za kwanza za Jambiani. Hapo tamaa ya mwalimu ikanipanda. Nikavua viatu nikaingia mbele uwandani nikaone matumbawe kwa karibu. Nilipogeuka kurudi nikavivaa tena, nisije nikafika kwa watu peku, na baina yangu na kijiji nikakuta kipande cha tope jeusi, laini, cha kuzamisha mguu mpaka gotini. Lakini palikuwa na chungu za mawe pale, nyingi, zimepangwa, na kwenye baadhi yake imechomekwa fimbo au kitambaa. Nikajieleza kwa kujiamini kabisa: wenyeji wamekusanya mawe ya kuchomea chokaa. Basi nikayaazima. Nikaanza na chungu iliyokuwa kubwa kuliko zote, nikamaliza na nyengine sita ndogo, nikatandika njia ya mawe juu ya tope mpaka mchanga mkavu, na fimbo moja nikaichukua ya kujishikia. Kazi ya saa nzima. Nilivuka bila ya doa hata moja kwenye kanzu. Niligeuka nikaitazama njia yangu, nikaona kwamba nimewafanyia wenyeji jambo jema.

Nyumba ya Bi Mize ilikuwa ya mawe na chokaa, imeezekwa makuti, na uani mwanawe Pandu, mtu mzima, mvuvi, alikuwa anatengeneza dema lake la kunasia samaki. Nikapiga hodi. Akatoka mwanamke mfupi, mkavu, kajifunga kanga mbili.

"Shikamoo, Bi Mize. Natoka Tanga, kwa Zuhura."

Hakuitika. "Mzima?" akauliza.

"Mzima, bibi."

"Zuhura mzima?"

"Mzima kabisa."

"Umemwona weye kwa macho yako?"

"Juzi tu kabla sijapanda stima. Kanipigia pasi kanzu hii."

Akakaa kitako palepale kizingitini. "Marahaba," akasema. "Karibu."

Hapana mgeni anayeulizwa haja yake kabla hajala, na mimi nilifurahi kupata muda wa kuyapanga maneno. Wakaniletea samaki wa kupaka na wali. Tukala, tukasifu, tukanawa, na kwa kuwa nilitaka nionekane mtu wa maana, nikawasimulia nilivyovuka tope.

Mkono wa Bi Mize ukasimama juu ya birika. "Mawe yepi?"

Nikaeleza, chungu zile, zenye fimbo. Pandu alikuwa ameshainuka. Alikimbia mpaka ukingoni, nami nyuma yake, lakini maji yalikuwa yamekwisha rudi. Yalikuwa kiunoni, na juu yake, mpaka mbali, yalikuwa yanaelea makumbi ya nazi.

Siku tisa

Kwa wenzangu msiojua, kama nilivyokuwa sijui mimi: mwanamke wa pwani ile hachukui kumbi la nazi, lile ganda lake la nje lenye nyuzi, akalipiga hivi hivi. Huchimba shimo pwani, akalijaza makumbi, akayafukia na kuyakandamiza mawe yasiinuliwe na maji, akayaacha yaoze miezi mitano, sita. Kisha huyafukua akayapiga kwa kigongo mpaka unabaki usumba, nyuzi tupu, nao ndio unaosokotwa kamba. Mawe yale ni kifuniko na ni mlango wa shimo, na kila mmoja anayajua yake. Kitabu changu kinasema tu "kamba za makumbi", katika mstari mmoja na kopra.

Wanawake sita waliokuwa na mashimo yale walikuja uani kwa Bi Mize alasiri ileile. Hakuna aliyenipigia kelele, na afadhali wangepiga. Bi Tatu, mkubwa wao, alinitazama kanzu yangu safi.

"Mwalimu," alisema, "wamekusomesha wapi kuwa mawe ya pwani hayana wenyewe?"

 Pandu akasema mgeni huyu na aondoke na gari la kesho, yaishe. Nikaona Zuhura ananiponyoka, na hata haja yangu sijaitamka.

"Aende wapi?" Bi Mize akasema. "Makumbi ya watu yataokotwa na nani?"

Basi nikabaki. Nikavua kanzu nikapewa kikoi cha Pandu. Siku tatu za mwanzo niliokota makumbi kutoka Jambiani mpaka karibu na Paje, kila maji yanapotoka, nikiyabeba kichwani ndani ya pakacha huku maji meusi yananichuruzikia shingoni. Kwa kuwa yalikuwa yamechanganyika, Bi Tatu aliyapambanua moja moja, akilivuta uzi kwa ukucha na kulinusa. Yaliyokuwa mabichi yalirudishwa baharini, na mashimo niliyachimba mimi. Yaliyoiva yaligawiwa mafungu: mmoja aligawa, na wenzake wakachagua kabla yake. Niliipenda hukumu hiyo, ingawa aliyehukumiwa ni mimi.

Siku sita zilizofuata nilipiga makumbi. Ni kazi ya wanawake, na wavuvi walikuwa wakipita kwa makusudi waje wanione. "Mwalimu, hesabu ya leo vipi?" Harufu yake siwezi kuiandika. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, yakatoka mengine chini yake. Nilikasirika siku ya kwanza, siku ya pili nilijihurumia, na siku ya tatu nikawa nimechoka mno hata kwa hayo. Bi Mize alikaa mbele yangu na kigongo chake, akipiga yake. Nami haja yangu nikaona haya kuitaja.

Siku ya saba tulikuwa wawili tu. Akasema bila ya kuinua macho, "Ile chungu kubwa uliyoanza nayo. Chini yake ulikuta kumbi?"

Nikakumbuka. Chini yake palikuwa na mchanga mtupu.

"Ni shimo la Kazija. Nililichimba nae, kabla hajaolewa. Kila mwaka nnaongeza mawe asije mtu akalichukua." Akapiga mara mbili tatu. "Alikuwa akikaa hapo ulipokaa. Siku niliposikia kuwa kafa nilikuwa hapa hapa. Kaja mnunuzi wa kamba, ananipa pole, anadhani nnajua. Kazija ashazikwa miezi minne. Nikamwitikia, nikaendelea kupiga. Ningefanya nini?"

 Nilikuwa nimevuka tope juu ya mawe ya marehemu ili nisichafue viatu. Nikamwomba radhi, kwa mawe na kwa fundi Athumani pia, ingawa hakunituma kuomba.

Bi Mize akaingia ndani, akarudi na mkoba wa ukili. Akatoa barua mbili, zote hazijafunguliwa. "Nisomee," akasema. "Barua ya Tanga mie sina imani nayo. Nilijua ni habari ya Zuhura. Nikasema, maadamu haijasomwa, mtoto mzima."

Nilizifungua kwa vidole vyangu vilivyochanika. Zote mbili zilikuwa salamu: fundi Athumani anamwamkia, Zuhura anamwamkia, mtoto amekua, amepata mchumba mwalimu, na wanaomba ridhaa yake. Nilisoma mpaka mwisho. Bi Mize alicheka, kisha akajifunika uso kwa kanga, na mabega yake yalitikisika muda mrefu.

"Mwaka mzima," alisema alipojifunua, "nnaogopa salamu."

Nikasema mwalimu huyo mchumba ndiye mimi.

"Nshakujua tangu siku ya mwanzo. Nani mwengine angekubali kukaa na makumbi siku saba?" Akakiokota kigongo. "Lakini jibu sikupi hapa. Kazija nilimtoa nikaishia kuletewa habari, mtoto wake sitamtoa hivyo. Nnakwenda Tanga mwenyewe."

Kurudi

Pandu alibisha siku mbili. Mama yake hajawahi kupita mjini, na stima ataiweza wapi? Bi Mize alimsikiliza huku akifunga nguo zake. Asubuhi ya kuondoka, maji yakiwa yametoka, alinipeleka pwani, tukayarudisha mawe ya Kazija mahali pake yeye na mimi, naye akanionyesha lipi linakaa juu ya lipi. Nilikuwa peku.

Ya njiani ni mafupi. Gari halikuzimika hata mara moja, jambo ambalo Bi Mize aliliona la kawaida. Mjini, Bwana Kanji aliniangalia mikono, akaninusa, akasema tu, "Jambiani." Kwenye stima nilitapika kutoka Mkoani mpaka Tanga, na bibi asiyeiweza stima alinishikia kichwa na kuniuliza mara kwa mara kama kitabu changu kinasema tutafika lini.

Zuhura alikuwa bandarini na baba yake. Bi Mize alimshika uso kwa mikono miwili, akautazama sana. Fundi Athumani alisimama nyuma ya mwanawe na kofia mkononi, mtu mzima wa makamo yale. Alisema nyumbani maji ya kuoga tayari, chakula tayari.

"Nipelekeni makaburini kwanza," akasema Bi Mize.

Fundi alinong'ona kwamba watu watasema nini, mwanamke kutoka safarini na kuingia makaburini. Mkwewe alikuwa ameshatangulia, na kwa kuwa hajui njia ilitubidi tumkimbilie.

Kaburi la Kazija lina kijiwe tu kichwani. Akakaa chini kando yake, akakunja kanga magotini, akaanza kumpa habari. Sisi tulisimama mbali kidogo, lakini tulisikia. Alimweleza nani kazaa na nani kafa, Pandu kapata mke wa pili hana raha naye, mnazi wa uani umeangushwa na upepo, Bi Tatu anamsalimu. Habari za miaka kumi na minne tangu azikwe, moja baada ya moja, kwa sauti ile ile ya kupiga makumbi. Zuhura alilia, nami nililia, na sioni sababu ya kulificha hilo. Mwisho fundi Athumani akasogea, akachutama upande wa pili wa kaburi.

"Ungenambia, Athumani," akasema Bi Mize.

"Kweli, mama."

"Ningekuja japo kwa miguu."

"Kweli."

 Bi Mize alikaa kidogo tena, mkono juu ya udongo, kisha akanyanyuka, akajikung'uta mchanga, akanigeukia mimi.

"Kazija nshamwambia," alisema. "Karidhia."

Tukarudi nyumbani kwa miguu, yeye na Zuhura mbele.